Siku Tulipopima Masikio ya Mama

Mama yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo pale Industrial Area tangu kabla sijaanza shule. Sisi tulikaa Kariobangi, kwenye ghorofa ambayo chini yake mafundi wa jua kali waligonga mabati kutwa nzima wakitengeneza masanduku, karai na majiko. Mgeni akija kwetu, jambo la kwanza alilolalamikia lilikuwa zile kelele. Mama hakuwahi kulalamika. Alisema kelele za mafundi ni kama mvua, ukizizoea hata usingizi unakuja vizuri. Sisi tulimhesabu kuwa mtu wa subira. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba labda hazimfikii zote.

Dalili zilikuwepo, ila kila mmoja alizitafsiri anavyotaka. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja wa sauti ya upole, alimsalimu ngazini bila kujibiwa, akaenda kuwaambia wenzake kwamba mke wa dereva siku hizi anaringa. Dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu, akiomba kitu jikoni aliomba mpaka akachoka, halafu akavuta leso ya mama ndipo asikizwe. Baba naye aliendesha lori la mizigo na alikuwa na sauti kama ya lori lenyewe. Yeye akisema neno hata akiwa chumbani, mama alimjibu papo hapo. Hali hiyo ilimfurahisha sana.

"Mnaona?" alituambia akinyoosha miguu chini ya meza. "Katika nyumba hii kuna mtu anayeheshimiwa."

Kilichonishtua mimi ni mambo ya kwaya. Mama aliimba sauti ya kwanza kanisani tangu ujana wake, na Jumapili ilikuwa siku yake kuliko siku nyingine yoyote. Siku moja mwalimu wa kwaya alimwita pembeni baada ya mazoezi, akamwomba apumzike kidogo. Alimweleza kwa adabu kwamba anaanza nyimbo nyuma ya wenzake, na zile noti za juu anazipitia pembeni. Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akaanza kumenya viazi ambavyo hakuna mtu aliyepanga kuvipika.

"Mama, kwani kuna nini?" nilimuuliza.

"Viko kwenye kikapu," akajibu bila kuinua macho.

Nilikaa karibu naye, nikapandisha sauti. "Nimeuliza kuna nini. Mama, masikio yanakusumbua?"

"Masikio yangu ni mazima kabisa. Ni nyinyi vijana mnaoongea ndani ya midomo." Kisu chake hakikusimama. Viazi vile tulikula siku mbili, na kwaya haikutajwa.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya elektroniki katika chuo cha ufundi kisichokuwa mbali na kiwanda cha mama, na chuo kikanibakiza kama msaidizi wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kulehemu nyaya zilizokatika, kufuta vumbi, na kuhakikisha wanafunzi hawajichomi vidole. Mwaka huo huo chuo kikapokea kompyuta kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kupokea ishara kutoka kwa vihisi, yaani vile vifaa vidogo vya kuhisi joto, mtikisiko au sauti, na pamoja nayo ikaja programu ambayo sikuwa nimewahi kuona mfano wake.

Programu nilizofundishwa kabla ya hapo ziliandikwa kwa maneno, mstari juu ya mstari, na zilinitesa. Ukisahau alama moja, kompyuta inagoma, na haikwambii ni wapi. Hii mpya haikuandikwa, ilichorwa. Ulichukua kisanduku kutoka pembeni mwa skrini ukakiweka katikati. Kisanduku hiki kinapokea ishara za kihisi, kile kinazidisha, kile kingine kinachuja, na cha mwisho kinachora grafu. Kisha ulivuta waya kwa kipanya kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Waya za namba zilikuwa na rangi ya machungwa, na za ndiyo au hapana zilikuwa za kijani. Ukiunganisha vitu visivyopatana, waya ule ulikatika vipande vipande mbele ya macho yako, ukajua umekosea hapo hapo. Ukimaliza ulibonyeza mshale, na mchoro wote ukaanza kufanya kazi. Siku ya kwanza nilipoona mchoro wangu mwenyewe unatembea, nilitoka nje nikazunguka jengo zima kwa furaha, nikarudi kuangalia kama bado unatembea.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mrefu kutoka magharibi mwa nchi, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Kompyuta ile aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa sindano, kazi ya mke wake, kama vile watu wa mtaa wetu walivyofunika televisheni. Kila asubuhi alikikunja kitambaa hicho kwa heshima kabla ya kuwasha mashine. Jaribio letu la kwanza la maana lilikuwa kutumbukiza kihisi cha joto katika kikombe chake na kutazama mstari ukishuka kwenye skrini jinsi chai inavyopoa. Ulipofika mahali alipoona panafaa, alikitoa kihisi, akakifuta, akainywa chai.

"Hapo," alisema. "Miaka yote nimekuwa nikikisia."

Baadaye tukapata maikrofoni na hedfoni kubwa zile za kufunika sikio zima, nikaanza kuchora programu za sauti. Alasiri moja nilitengeneza moja rahisi ya kutoa mlio, na kitelezi cha kuupandisha kutoka mnene hadi mwembamba. Kwa kuwa hedfoni zilikuwa jozi moja tu na sisi tulikuwa wawili, tulisikiliza kwa spika ndogo. Nikateleza polepole. Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa kama wa mbu.

"Mbona umezima?" aliniuliza.

"Sijazima, mwalimu. Unalia."

Aliinama karibu na spika, akakunja uso, kisha akacheka kwa kifua. "Basi hapo mimi nimefika mwisho wa barabara. Wewe endelea. Ni uzee huo, binti. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka."

Alirudi kwenye chai yake. Mimi nilibaki nimeshika kipanya, nikiwaza juu ya yule jirani wa sauti ya upole, na dada yangu anayevuta leso, na noti za juu za kwaya. Nikamweleza mkuu habari za mama, tangu mashine za kufuma hadi viazi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Lakini usimwambie unampima. Mwambie anakuja kuona kazi yako. Hajawahi kuiona, ama?"

Kwa kweli hakuwa ameiona. Nilipomwambia, mama alipiga pasi gauni lake la Jumapili, akavaa na viatu vyenye kisigino. Dada yangu akakataa kubaki, kwa hiyo tukaenda watatu. Wiki hiyo nzima nilikuwa nimechora programu mpya kila nilipopata nafasi. Ilikuwa ikitoa milio ya unene tofauti, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukianza kimya kabisa na kuongezeka nguvu hatua kwa hatua. Anayesikiliza akishika tu mlio, anabonyeza kitufe tulichokitoa kwenye kengele ya mlango, na kompyuta inaweka alama kwenye grafu. Hatukuwa na vipimo vya hospitali, kwa hiyo nilijipima mimi kwanza, nikawapima na wanafunzi kadhaa, ili tujue mstari wa masikio ya kawaida unakaa wapi kwenye mashine yetu.

Mama alisalimiana na mkuu kwa heshima, akakisifu kitambaa, akauliza nani alikifuma na kwa uzi gani. Ndipo akasogea kwenye skrini. Akaitazama michoro yangu kwa muda, kidole chake kikifuata waya mmoja hewani bila kugusa kioo.

"Hizi za kijani zinaenda wapi?"

"Kwenye kitufe hiki, mama. Ukibonyeza, habari inapita hapo."

"Na wewe ndiye umezipanga zote?"

"Mimi."

Alitingisha kichwa mara moja, akakaa kwenye kiti nilichomwekea. Sijui kama nimewahi kusifiwa kwa maneno yoyote yakanifurahisha kuliko kule kutingisha kichwa.

Nikamvika hedfoni, nikamweleza kuwa ni mchezo: akisikia kitu chochote, hata kidogo, abonyeze. Nikabonyeza mshale. Mimi na mkuu tulisimama nyuma yake tukitazama grafu ikijichora. Milio minene akaishika vizuri. Ya katikati akaishika. Nikangoja ile myembamba. Akabonyeza. Ule uliofuata, akabonyeza tena, tena mapema sana, wakati mlio ulikuwa bado mdogo hata mimi singeusikia. Mstari wake ulinyooka hadi mwisho kama barabara mpya.

Mama akavua hedfoni. "Je?"

"Umesikia yote," nilisema, nikashindwa kuficha mshangao.

"Si niliwaambia?" Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Masikio yangu ni mazima. Mwambie baba yako pia, na mwambie yule wa kwaya."

Mkuu alikuna kidevu. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Upande mmoja nilifurahi, maana ni nani hataki kuambiwa mama yake ni mzima? Upande mwingine nilijua viazi vile havikuwa vya mtu mzima wa masikio. Dada yangu alikuwa amekaa juu ya meza nyuma ya mama akichezea mkasi, na akasema kitu. Mama hakugeuka.

"Mama," nikamwuliza nikiinama mbele yake, "ile milio ya mwisho, ilikuwaje? Niigizie."

"Ilikuwa kama kijiti kikavu kinavunjika. Ta. Halafu kimya. Nikisikia ta, nabonyeza."

Mkuu na mimi tulitazamana. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye mchoro. Kila hatua ya kuongeza nguvu nilikuwa nimeianzisha ghafla, kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Sauti yoyote ikianzishwa ghafla namna hiyo hutoa mdundo mfupi, na mdundo huo una kila aina ya sauti ndani yake, nene na nyembamba. Mama hakuwa anasikia mlio. Alikuwa anasikia mlango ukipigwa teke.

"Ni sawa," alisema mkuu. "Rekebisha. Mama, tunywe chai kidogo wakati binti yako anafungua na kufuma upya."

Walikunywa chai karibu na dirisha, wakizungumza juu ya bei ya uzi na ubaya wa rangi za siku hizi. Nilifuta waya mmoja, nikaongeza kisanduku kinachotoa mwinuko wa taratibu, na kingine cha kuzidisha, ili kila mlio uingie taratibu na kutoka taratibu. Nilijaribu mwenyewe. Kijiti kilikuwa kimeacha kuvunjika. Nikabadilisha pia muda wa kungoja kati ya mlio na mlio, mara mrefu mara mfupi, kwa sababu mtu aliyeishi na mashine za kufuma anaweza kubonyeza kwa mapigo ya mazoea tu.

Mama akarudi kwenye kiti. Milio minene akaishika kama mwanzo. Ya katikati, akaishika kwa kuchelewa kidogo. Kisha ikaja ile myembamba, na mkono wake ukatulia juu ya kitufe. Mlio ukaongezeka nguvu. Mimi niliusikia ukivuja pembeni mwa hedfoni. Dada yangu aliacha mkasi. Ukaongezeka mpaka ungeamsha mtu, na mama akakaa tu, amefumba macho, uso wake umetulia, akingoja mchezo uanze.

Aliposhika kitu hatimaye, alama ilikuwa chini kabisa ya grafu. Alama za milio ya mwisho kabisa zikapanda tena kidogo. Kwenye skrini kukawa na mstari ulionyooka, kisha bonde, kisha kilima kidogo.

"Hilo bonde," mkuu aliniambia kwa sauti ya chini, "ni kelele za kiwanda. Nimeliona kwenye vitabu, sijawahi kuliona kwa mtu."

Nilimwonyesha mama mstari wangu na wake pamoja. Sikujua atasema nini. Aliutazama muda mrefu, akauliza sauti gani zinakaa kwenye lile bonde. Nikamwambia: s, f, sh, noti za juu za sauti ya kwanza, watoto, wanawake wenye sauti ndogo, ndege.

"Na baba yako?"

"Baba yuko huku," nikamwonyesha upande wa kushoto ambako mistari yetu ilikuwa pamoja. "Baba unamsikia vizuri kabisa."

Mama alianza kucheka. Alicheka polepole kwanza, mabega yakitikisika, kisha akashindwa kujizuia, akatoa leso kufuta macho. "Na vile amejisifu," alisema. "Masikini mume wangu. Na vile amejisifu."

Hapo ndipo nikapata wazo la kuongeza jambo moja. Kompyuta ile haikuwa na mbio za kutosha kubadilisha sauti wakati mtu anaongea, lakini ingeweza kunasa, kufanya kazi yake, na kurudisha baadaye. Nikachora haraka: maikrofoni hapa, kisanduku cha kuchuja kitakachotenga sauti zile za bondeni, kisanduku cha kuziongezea nguvu, kingine cha kuzichanganya tena na sauti nyingine, kisha hedfoni. Nikamwita dada yangu aseme sentensi moja yenye s nyingi.

Alisogea kwenye maikrofoni, akafikiri, akasema kwa sauti ya kusoma shuleni: "Thithi thote tunapenda thukari na thiagi."

Kompyuta ilinguruma kidogo ikifanya hesabu zake. Nikamvika mama hedfoni, nikabonyeza mshale.

Mama aliganda. Kisha akageuka kumtazama dada yangu kana kwamba ameingia mlangoni sasa hivi.

"Rudia," aliniambia.

Nikarudia.

"Huyu mtoto ana kithembe," mama akasema.

Sisi sote tulijua dada ana kithembe tangu alipoanza kuongea. Baba alijua, majirani walijua, walimu wake walijua, watoto wa ngazini walimtania nacho na alikwisha kuwazoea. Mama tu ndiye hakuwahi kukisikia, miaka yote hiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe, mama," nilisema.

"Na hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua," alisema dada yangu, akiwa ameudhika kidogo. Akaongeza, "Thikuwa nimejua hujui," na mama, ambaye hedfoni zilikuwa bado kichwani mwake na hakusikia vizuri, alimvuta kwa mkono akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa kwa kupakatwa. Akaniomba nirudishe ile sentensi ya sukari na siagi tena. Niliirudisha mpaka mkuu wa maabara akatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha, ingawa jua lilikuwa likiwaka. Mama hakulia. Alikuwa na tabasamu la mtu anayesoma barua kutoka mbali, na kila sentensi ilipofika mwisho alimwambia dada yangu, "Ongea tena. Sema kingine." Dada akasema majina ya mboga, akasema mistari aliyokariri ya Jumapili, akaimba wimbo wa kuruka kamba. Nilinasa, nikachuja, nikarudisha. Tuliondoka pale njaa ikituuma.

Baba tulimweleza jioni hiyo wakati wa chakula. Nilikuwa nimechapisha ule mstari, nikauweka kando ya sahani yake na kumwonyesha sauti yake iko wapi.

"Kwa hiyo si heshima," alisema baada ya kutafuna kwa muda.

"Ni heshima pia," mama alimwambia, "lakini kwanza ni unene."

Baba aliukunja mchoro, akautia mfukoni mwa shati. Baadaye nilisikia aliuonyesha madereva wenzake, akiwaeleza kwamba mkewe alipimwa na kompyuta na binti yake ndiye aliyeichora.

Mkuu wa maabara alisisitiza kwamba mashine yetu si hospitali, na tusijifanye. Alitupatia barua ya kutujulisha katika kliniki moja ya masikio iliyokuwa ikiendeshwa na kanisa. Huko mama aliingizwa katika chumba kidogo chenye kuta laini, akapimwa na mtaalamu mwenye vifaa vyake. Bonde likatokea mahali pale pale. Mtaalamu aliuliza nani alitutuma, na nilipomweleza juu ya visanduku na waya aliomba kuja kuona. Mama aliwekwa kwenye foleni ya vifaa vya kusikia, na baada ya miezi ya kungoja akaletewa kimoja, cha rangi ya ngozi ya Mzungu, ambacho alikificha chini ya kitambaa cha kichwa kwa wiki moja na baada ya hapo hakukificha tena.

Siku alipokivaa kwa mara ya kwanza nyumbani, alifungua dirisha, akasimama pale. Chini mafundi walikuwa wakigonga. Alisikiliza kidogo, akafunga dirisha.

"Na nyinyi mmekuwa mkiishi na hizo?" aliuliza.

Aliporudi kazini alikwenda kumwona msimamizi wake, akiwa na majibu ya kliniki mkononi, akaomba kuhamishwa kitengo cha kukunja na kufunga vitambaa ambako kulikuwa na utulivu. Msimamizi alikubali bila mabishano makubwa, na baadaye vizibo vya masikio vikaanza kugawanywa kwa wafumaji, japo wengi mwanzoni walivitumia kuziba chupa za mafuta ya taa. Kwaya nayo ilimpokea tena. Mwalimu wa kwaya alimweka sauti ya pili, karibu na mama mmoja wa sauti nene aliyekuwa rahisi kumfuata. Mama aliniambia sauti ya pili ndiyo inayoshikilia wimbo, na kwamba hakujua hilo miaka yote alipokuwa kule juu. Jirani wa mlango wa pili alipata salamu zake, pamoja na sahani ya maharagwe, na maelezo marefu.

Ni yeye mama aliyewaambia wenzake kiwandani. Jumamosi zilizofuata wakaanza kuja chuoni, wawili wawili, wafumaji wenye magauni mazuri na viatu vya kanisani, wakakaa kwenye benchi nje ya maabara wakiongea kwa nguvu. Mkuu alinunua vikombe zaidi. Wengi wao walikuwa na bonde kama la mama, wengine kubwa zaidi, na tuliwaelekeza kliniki. Mama alikuja kunisaidia. Yeye ndiye aliyewaeleza mchezo, kwa sababu mimi wakinisikiliza walikuwa wanaitikia tu kwa kichwa bila kuelewa.

Kulikuwa na mmoja, mwanamke mchangamfu wa makamo, aliyekuja akisema hasikii kitu. Tulimpima. Mstari wake ulipita juu ya wangu mwanzo hadi mwisho. Nikafikiri nimekosea tena, nikakagua waya zote, nikampima upya. Masikio yake yalikuwa bora kuliko ya kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile.

Alipoelezwa, alisogeza kiti. Kisha akamwinamia mama.

"Hakuna hata kabonde kadogo?"

"Hakuna, dada. Uko mzima."

"Sasa mama mkwe nitamwambia nini?" alisema. "Tumekaa naye nyumba moja tangu niolewe. Nimemwambia sisikii."

Mkuu wa maabara alilazimika kuweka kikombe chini. Mama alimshika yule mwanamke begani, akamwambia aende nyumbani pole pole, afikirie njiani, na kwamba uponyaji nao huja polepole. Yule mwanamke akavua hedfoni, akaomba chai nyingine kabla ya kuondoka, na mama akamsogezea sukari.